Mahori ya Mombasa: Makao ya ndege wa mbali yanayozidi kubanwa na jiji

KISIWA cha Mombasa hakitengwi na bara kwa bahari kuu, bali kwa mikono miwili ya maji ya chumvi inayoingia nchi kavu na kukipakata pande zote. Mkono wa kaskazini ni hori la Tudor. Wa kusini ni Kilindini, ambayo ikiingia ndani hupanuka na kuitwa hori la Port Reitz.

Mahori hayo ndiyo yanayoipa Mombasa bara sura yake. Kisauni iko ng'ambo ya Tudor upande wa kaskazini, na Likoni iko ng'ambo ya Kilindini upande wa kusini. Changamwe, pamoja na jirani yake Jomvu, imekaa katikati, Tudor ikiwa upande mmoja na Port Reitz upande wa pili.

Wakazi wengi huyajua maji hayo kama njia ya meli na feri. Hata hivyo, nyuma ya mkondo wenye kina unaotumiwa na meli kuna uwanda mpana wa matope, mchanga na mikoko ambao hufunikwa na maji na kufunuliwa mara mbili kila siku. Hapo ndipo ndege wa maji, baadhi yao wakiwa wametoka Siberia na Arabuni, hujipatia riziki pamoja na wavuvi, wachimba chambo na akina mama wanaookota chaza.

Uwanda huo haumo katika ramani za watalii, wala hauna lango la kulipia kiingilio. Thamani yake hutambuliwa zaidi unapopotea, na dalili za kupotea kwake zimekuwa zikionekana kwa miongo kadhaa.

MABONDE YALIYOZAMA

Mahori ya Mombasa yalianza kama mabonde ya mito. Katika zama za barafu, takriban miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yaliganda katika nchi za baridi na bahari ikateremka kwa kiasi cha mita 120 chini ya kiwango chake cha sasa. Mito ya pwani ililazimika kuchimba mabonde yenye kina ili kuifikia bahari iliyokuwa imerudi nyuma.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda tena na kuyameza mabonde hayo. Ndiyo sababu Kilindini, jina linalotokana na neno kilindi, ina kina kinachotosha meli kubwa ingawa imo ndani ya nchi kavu.

Umbo la mahori hayo pia lina sababu yake. Kisiwa chenyewe na ukanda wa bara ulio karibu na bahari ni miamba ya matumbawe ya kale, ambayo ni migumu. Nyuma yake, kuanzia Changamwe kuelekea magharibi, kuna miamba laini ya udongo ulioganda, iliyofanyika katika enzi za kale zaidi za dunia. Maji yalipokata mwamba mgumu yalipata mlango mwembamba tu, lakini yalipofika penye mwamba laini yalipanuka na kufanya beseni pana lisilo na kina kirefu kandokando. Mlango ni mwembamba na tumbo ni pana, mithili ya mtungi.

Port Reitz hupokea maji ya mto Mwache na mito mingine midogo itokayo upande wa Kwale na vilima vya Shimba. Tudor hupokea maji ya mito Kombeni na Tsalu. Mito hii haina maji mengi mwaka mzima. Wakati wa kiangazi hupungua au kukauka kabisa, na wakati wa masika na vuli hufurika na kuleta udongo mwingi.

Jina la Port Reitz lina historia fupi ya huzuni. John James Reitz alikuwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824, wakati Wamazrui walipoomba ulinzi wa Waingereza dhidi ya Sultani wa Oman. Alifariki kwa homa mwaka huohuo, na jina lake likabaki katika ramani.

MAJI KUJAA NA KUPWA

Nguvu inayotawala maisha katika mahori haya ni mwendo wa maji. Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa hupita mita tatu. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita moja.

Katika ufuo ulio tambarare, mita tatu za wima ni sawa na mamia ya mita za matope. Saa chache baada ya chombo kupita, mahali hapohapo huwa pakavu na mtu anaweza kutembea, japo kwa kuzama hadi magotini.

Matope hayo ni yenye rutuba. Kila maji yanapoingia na kutoka huleta majani yaliyooza ya mikoko, vijimea vya baharini na chembechembe kutoka mitoni. Vitu hivyo ni chakula cha minyoo, konokono, kaa, kamba na chaza, ambao nao ni chakula cha samaki na ndege.

Ndege wa matope kwa hiyo hawafuati saa ya jua bali saa ya maji. Maji yakipwa alfajiri watakula alfajiri, na yakipwa usiku watakula usiku. Maji yakijaa hukusanyika kwenye fungu la mchanga, juu ya matawi ya mikoko au kwenye uwanda wa chumvi, wakingoja uwanja wao ufunuliwe tena.

Mahali hapo pa kungojea ni muhimu sawa na mahali pa kulia. Ndege anayefukuzwa kila anapotua hupoteza nguvu alizozipata kwa kula, na hatimaye hulihama eneo lote.

MSITU WA CHUMVI

Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila moja ina mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, ukitazamana na maji. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui, kisha muia na mkandaa. Mchu huvumilia chumvi kuliko mingine, na huonekana mbele penye maji na pia nyuma kabisa penye ardhi kavu.

Watu wa pwani wamekuwa wakiitumia miti hii kwa karne nyingi. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za Mombasa na Lamu, na majahazi yalizipeleka hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni haba.

Kwa mujibu wa mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027, Kenya ina hekta 61,271 za misitu hiyo. Lamu pekee ina hekta 37,350. Kaunti ya Mombasa ina hekta 3,771, karibu zote zikiwa kandokando ya mahori yake.

Kwa ndege, mikoko ni nyumba na ni ghala. Mizizi yake hukinga samaki wachanga, nayo matawi yake ni kituo cha kulala. Isitoshe, mizizi hiyo huzuia udongo wa mito usiende moja kwa moja kwenye nyasi za baharini na matumbawe yaliyo nje ya mahori, karibu na Hifadhi ya Baharini ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986.

WAGENI KUTOKA KASKAZINI

Kuanzia Agosti hadi Aprili, matope ya pwani ya Kenya hupokea wageni wengi. Hao ni vitwitwi, jina ambalo Waswahili huwapa ndege wadogo wa ufuoni wakimbiao kandokando ya maji. Macho yasiyozoea huwaona kuwa ni ndege wa aina moja, lakini wako wa aina nyingi, na kila aina imetoka nchi yake.

Kitwitwi aitwaye Calidris ferruginea na wanasayansi hutaga katika nyika za baridi za kaskazini mwa Siberia. Uzito wake ni kiasi cha gramu 60 tu, lakini kila mwaka husafiri maelfu ya kilomita kwenda na kurudi. Afikapo Kenya huwa wa rangi ya kijivu. Kabla ya kuondoka mwezi wa Aprili, manyoya ya kifua chake hugeuka na kuwa mekundu kama tofali.

Wengine hutoka jangwa na milima ya Asia ya Kati. Pia kuna sululu mdogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu, ambaye huutumia kumtoa kaa shimoni. Maji yakijaa, sululu huonekana wamejipanga juu ya mikoko, jambo ambalo ndege wengi wa matope hawalifanyi.

Maumbile yamewagawia ndege hawa chakula ili wasigombane. Mwenye mdomo mfupi na macho makubwa hutazama, hukimbia na kudonoa kilicho juu ya tope. Mwenye mdomo wa wastani hutoboa tope kidogo na kutafuta minyoo midogo. Mwenye mdomo mrefu hufikia mashimo ya kina ambayo wengine hawayawezi. Kuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kupindua vijiwe na magugu ili kuona kilichojificha chini.

Ndege hawa hawaji Mombasa kupumzika tu. Katika wiki za mwisho kabla ya safari hula kwa bidii na kuweka mafuta mwilini, na mafuta hayo ndiyo yatakayowafikisha kituo kinachofuata. Akikosa chakula hapa, ndege anaweza kufia njiani au kufika atagako akiwa mnyonge mno hata asiweze kulea.

Baadhi ya vijana wao hawarudi kaskazini mwaka wa kwanza. Hubaki pwani wakati wa kusi, na ndiyo sababu hata Juni na Julai vitwitwi wachache huonekana matopeni.

NDEGE ALAYE KAA

Miongoni mwa wageni hao wote, anayepasa kutajwa peke yake ni yule aitwaye Dromas ardeola. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati-kijivu na mdomo mnene mweusi wenye nguvu. Chakula chake kikuu ni kaa.

Ndege huyu hana jamaa wa karibu duniani. Wanasayansi wamempa ukoo wake pekee. Hutaga kwenye visiwa na fukwe za mchanga katika Ghuba ya Uajemi, bahari ya Oman na Bahari ya Shamu. Kinyume na ndege wengine wa aina yake, huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu jeupe ndani yake. Joto la mchanga humsaidia kuliatamia.

Kinda wake hulelewa kwa muda mrefu. Hata baada ya kusafiri hadi Afrika Mashariki, kinda huonekana akimfuata mzazi wake matopeni na kulia akiomba kaa. Mahali akutwapo kwa wingi zaidi nchini ni hori la Mida, karibu na Watamu katika kaunti ya Kilifi.

Mida hutoa kipimo kizuri cha kuyatazamia mahori ya Mombasa. Nalo ni hori lisilo na kina, lenye mikoko na matope. Lakini Mida imo ndani ya hifadhi ya baharini, imetambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu la ndege, na wenyeji hupata kipato kwa kuwatembeza wageni. Mahori ya Mombasa yana maumbile yaleyale bila ya hadhi hiyo.

WENYEJI WA MWAKA MZIMA

Si ndege wote wa mahori ni wasafiri. Yangeyange, weupe na wenye miguu mirefu, huonekana kila mwezi. Katika pwani ya Afrika Mashariki kuna aina ya yangeyange ambaye baadhi yao ni weupe pe na wengine ni wa kijivu cha kukolea, ingawa ni jamii moja na huweza kuishi pamoja.

Kwarara, mwenye mwili mweupe na kichwa cheusi kisicho na manyoya, hupekua matope kwa mdomo wake uliopinda. Korongo husimama kimya katika maji ya magotini. Korongo mdogo mwenye mgongo wa kijani hujikunyata juu ya mzizi wa mkoko, na mtu anaweza kupita karibu naye asimwone.

Juu ya maji yuko mdiria mweusi na mweupe, ambaye hupiga mbawa akiwa amesimama hewani kabla ya kujitosa. Ndani ya mikoko yuko mdiria mwingine, mwenye mgongo wa samawati na mdomo mwekundu, ambaye hupenda kaa na hukaa zaidi kwenye misitu hii. Mkoko ukikatwa, huyo ni wa kwanza kutoweka.

Buabua na shakwe hupumzika kwenye mafungu ya mchanga na kuvua katika midomo ya mahori. Kwazi, tai mwenye kichwa cheupe na sauti kali, yupo mwaka mzima. Furukombe, tai anayejitupa majini akitanguliza miguu, huja kutoka Ulaya na Asia na kurudi huko masika yakianza.

ADUI MWENYE MBAWA

Ndege mmoja amefanikiwa mno Mombasa, na mafanikio yake ni hasara kwa wengine. Huyo ni kunguru wa Kihindi, mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na mwaka 1947 alionekana Mombasa. Tangu hapo ameenea pwani yote.

Kunguru huyu hula takataka, mabaki ya vyakula, vifaranga vya kuku, na pia mayai na makinda ya ndege wa asili. Hushambulia kwa makundi, hata ndege wakubwa kumzidi. Katika mitaa mingi ya Mombasa, ndege wadogo waliokuwa wa kawaida wamekuwa adimu.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mwaka 2024 mpango wa kupunguza kunguru milioni moja kwa kutumia sumu maalum. Wataalamu wanakubaliana, hata hivyo, kwamba sumu pekee haitoshi ikiwa taka zitaendelea kumlisha. Jiji linalolimbikiza taka kandokando ya hori hufuga kunguru kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa mwingine.

MAFUTA NA TAKA

Mahori ya Mombasa yamebeba gharama kubwa ya bandari. Mwaka 1988 takriban tani 5,000 za mafuta zilimwagika na kuingia Makupa na Port Reitz. Aprili 2005 mafuta ghafi yalimwagika tena Port Reitz kutoka kwa meli iitwayo Ratna Shalini, na mikoko mingi ikaathirika.

Mafuta huua mkoko polepole. Miti kama mchu na mlilana hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza matopeni. Vijiti hivyo vikifunikwa kwa mafuta, mti hukosa hewa. Tope lililolowa mafuta hubaki na sumu kwa miaka mingi, na minyoo na kaa hawarudi upesi. Ndege naye akilowa mafuta hupoteza uwezo wa manyoya yake kuzuia maji.

Makupa ni kisa cha pekee. Hori hilo jembamba ndilo linalounganisha Tudor na Port Reitz. Katika enzi ya ukoloni lilizibwa kwa tuta la barabara na reli, na maji yakaacha kupita. Baadaye, ufuo wa Kibarani uligeuzwa jaa kuu la taka za jiji kwa miongo mingi, hadi lilipofungwa katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2010.

Mwaka 2022 tuta hilo lilibadilishwa kwa daraja la Makupa, na maji yakapata njia tena. Ni nadra katika historia ya ujenzi wa Mombasa kwa mradi wa barabara kulirudishia hori kile kilichochukuliwa na mradi uliotangulia.

Taka si za jaa pekee. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na sehemu kubwa ya mitaa haina mifereji ya maji machafu. Yale yasiyosafishwa huishia Tudor na Port Reitz. Maji taka kidogo huongeza rutuba, lakini yakizidi hula hewa iliyomo majini na kuwaua samaki wachanga na kamba.

UDONGO UNAOFUKIA MIKOKO

Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilionyesha hatari nyingine. Mto Mwache ulileta udongo mwingi mno kutoka mashamba yaliyokatwa miti, ukafukia mizizi ya mikoko katika sehemu ya juu ya Port Reitz, na miti mingi ikakauka ikiwa wima. Tatizo hapo halikuwa la bahari bali la nchi kavu. Shamba linalomomonyoka Kwale huua msitu wa Changamwe.

Ukataji nao umechangia pakubwa. Utafiti uliolinganisha picha za setilaiti za mwaka 1992 na 2009 ulibaini kuwa Tudor ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake katika kipindi hicho, na Mwache zaidi ya asilimia 40. Kuni za majumbani, makaa, boriti na tanuri za chokaa vyote vilikula msitu huohuo.

Haifai kuwalaumu wakataji pekee. Familia isiyoweza kununua gesi hupikia kuni, na kuni zilizo karibu ni mikoko. Hata hivyo, familia hiyohiyo hutegemea kamba, kaa na samaki wanaozaliwa chini ya miti hiyo. Anayeukata msitu na anayeumia unapokatwa mara nyingi ni mtu mmoja.

BARABARA, BANDARI NA MUSTAKABALI

Katika miaka ya karibuni Port Reitz imegeuka kuwa uwanja wa ujenzi. Kituo cha pili cha makasha kilijengwa Kipevu juu ya ardhi iliyojazwa baharini. Awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2016 na ya pili mwaka 2022. Reli ya kisasa ilianza safari zake mwaka 2017 kutoka Miritini.

Barabara ya Dongo Kundu, inayowawezesha wasafiri wa Pwani Kusini kuikwepa feri ya Likoni, imevuka hori hilo kwa daraja la Mwache lenye urefu wa mita 660 na la Mteza lenye mita 1,440. Barabara hiyo imefungua pia ardhi ya Likoni ambako eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu limetengwa.

Miradi hii ina faida ambazo hakuna mkazi wa Likoni atakayezikana, hasa aliyewahi kukwama kivukoni. Swali ni kama hesabu ya faida hiyo imeingiza hasara ya matope. Katika ramani ya mhandisi, uwanda unaofunikwa na maji mara mbili kwa siku huonekana kama mahali patupu panapongoja kujazwa. Kwa mvuvi wa Tsunza au Mtongwe ni shamba, na kwa kitwitwi wa Siberia ni kituo cha chakula asichoweza kukikosa.

Mradi wa bwawa la Mwache, katika kaunti ya Kwale, unaongeza swali jingine. Bwawa litazuia sehemu ya udongo uliokuwa ukifukia mikoko, na hilo ni jema. Lakini pia litapunguza maji baridi yanayofika horini, na mikoko pamoja na kamba huhitaji mchanganyiko wa maji baridi na ya chumvi. Jinsi maji yatakavyoachiliwa bwawani ndiyo itakayoamua.

SHERIA ZIPO

Ulinzi wa mikoko si jambo geni. Serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa misitu ya serikali mwaka 1932, na hadi leo husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kenya pia ilijiunga mwaka 1990 na mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Kati ya maeneo yake sita yaliyomo katika orodha ya mkataba huo, la pwani ni moja tu, delta ya mto Tana, iliyoingizwa mwaka 2012. Hakuna hori la Mombasa lililomo.

Mfano wa karibu wa kuigwa uko Gazi, katika kaunti ya Kwale. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu, na mapato kutumika kwa maji na elimu ya kijiji. Huko Mombasa, vikundi vya vijana na akina mama kandokando ya Tudor na Port Reitz vimekuwa vikipanda miche. Kazi hiyo huzaa matunda pale tu mche unapopandwa mahali palipokuwa na mikoko hapo awali. Ukipandwa kwenye tope wazi huwa mara nyingi unakufa, na hata ukiota huwanyima ndege uwanja wao wa kulia.

Hatua nyingine hazihitaji fedha nyingi. Kulitenga fungu la mchanga ambamo ndege hungojea maji, kupunguza moto wa taka ufuoni, na kuwahesabu ndege kila Januari, kama inavyofanywa katika maziwa ya Bonde la Ufa kwa uratibu wa Makavazi ya Kitaifa, ni mambo yanayowezekana. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina makao yake makuu Mkomani, ukingoni mwa maji hayohayo.

Anayetaka kujionea mwenyewe anashauriwa aende kati ya Oktoba na Machi, siku za bamvua, na afike maji yanapoanza kujaa. Wakati huo maji huwasukuma ndege polepole kuelekea ufuoni, na anayesimama kimya upande wa Mikindani, Jomvu au Junda huweza kuwaona kwa karibu bila kuingia matopeni. Ratiba ya maji ya bandari itamwonyesha saa, au amuulize mvuvi yeyote.

Maji yakijaa hupwa, husema Waswahili, nayo ya Tudor na Port Reitz yatazidi kupwa na kujaa. Ndege watakaporejea Agosti ijayo watategemea kilichobaki juu ya tope lile maji yakishaondoka, na hilo linaamuliwa na watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe pamoja na wale wanaowapangia jiji lao.